Uvimbe nyuma ya jicho: Kabla ya kuuza ng'ombe, jua kwanza unachotibu

"Shikamoo daktari." Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa kijana mmoja wa wilayani Bunda ulionifikia miezi minne iliyopita. Mama yake ana umri wa miaka 47. Jicho lake la kushoto limekuwa likitokeza nje taratibu kwa karibu miaka mitatu. Halimuumi sana, lakini kila mwaka linazidi kidogo, na sehemu ya kati ya jicho na sikio imevimba na ni ngumu kama mfupa. Siku hizi akifunika jicho la kulia, maandishi ya Biblia anayaona kama yamefunikwa na ukungu.

Ndugu yao wa Dar es Salaam aliwatumia video. Ndani yake daktari wa nje ya nchi anaondoa uvimbe nyuma ya jicho kwa kifaa chembamba kinachotumia mawimbi ya sauti. Damu ni kidogo, kisu hakionekani. Ukoo ukakaa kikao. Ikaamuliwa wauze ng'ombe sita pamoja na kiwanja cha Bunda mjini ili mama apelekwe India. Kijana akaniuliza swali moja tu: "Daktari, tuuze au tusiuze?"

Nimemwomba ruhusa nilijibu swali hilo hapa, kwa sababu si lake peke yake. Musoma, Bunda na Butiama nimekutana na familia nyingi zilizofika njia panda kama hiyo: uvimbe umeonekana kwenye jicho, mtu kasikia habari ya mashine, mali inawekwa sokoni kabla ya yeyote kujua ugonjwa ni upi.

Sauti isiyosikika

Tuanze na kifaa chenyewe, maana ndicho kilichoitikisa familia ile. Sauti ni mtetemo. Ukipiga ngoma, ngozi yake hutetemeka, hewa ikatetemeka, nawe ukasikia. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde. Ikizidi hapo sauti ipo, ila hatuisikii. Popo wanaozunguka miembe jioni wao huisikia na kuitumia kutafuta wadudu.

Madaktari huitumia sauti hiyo kwa kazi mbili, na watu wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuona. Hiyo ndiyo utrasaundi ambayo kila mama mjamzito anaifahamu. Kwa jicho tunatumia kipimo chenye mitetemo kama milioni 10 kwa sekunde, nacho hutuonyesha kilicho ndani ya jicho hata pale ambapo mwanga haupiti. Hakikati chochote na hakiumi.

Kazi ya pili ni kuvunja na kukata. Hapa mitetemo ni michache zaidi, lakini ina nguvu. Kifaa chake ni kama kalamu nene yenye bomba jembamba la titani, na ncha yake hutetemeka mara 23,000 au 36,000 hivi kwa sekunde, kwa mwendo usiofika nusu milimita. Ncha ikigusa uvimbe laini wenye maji mengi, nyama yake husambaratika. Maji safi hutiririka kupoza mahali pale, na bomba lilelile hufyonza mabaki.

Kinachowapendeza wapasuaji ni kwamba kuta za mishipa ya damu na ganda la neva zina nyuzi imara zinazonyumbuka, hivyo huvumilia mtetemo huo kuliko uvimbe laini. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria watanielewa nikisema ni kama kukung'uta wavu wa dagaa: mchanga unaondoka, nyuzi zinabaki. Lakini kuvumilia si kutodhurika. Wavu nao ukikung'utwa ovyo huchanika, na ncha hiyo ikikaa vibaya au ikipata joto kupita kiasi inaweza kuharibu neva ya kuonea. Mkono wa anayeishika ndio unaoamua.

Kifaa kilichoanzia kwa daktari wa meno

Historia yake ni fupi na inafurahisha. Katika miaka ya 1960 daktari wa macho wa New York, Charles Kelman, alikuwa akitafuta namna ya kutoa mtoto wa jicho bila kupasua jicho kwa upana. Siku moja, akiwa amekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, aliona kifaa cha kusafishia meno kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti. Akapata wazo. Mwaka 1967 alichapisha njia mpya: kuvunja lenzi iliyoingia ukungu kwa ncha inayotetemeka, kisha kuifyonza kupitia tundu dogo. Njia hiyo leo inatumika duniani kote, na katika hospitali kubwa za hapa nchini pia.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa upasuaji wa ubongo walikuwa wamekichukua kifaa hicho, wakakiongezea nguvu na kukitumia kufyonza vivimbe vya ubongo. Baadaye kikaingia kwenye tundu la mfupa linalobeba jicho.

Ndugu yake ni kifaa cha kukata mfupa kwa mawimbi hayohayo, kilichoendelezwa na Mwitaliano Tomaso Vercellotti, naye akitokea upande wa meno. Wanaokifundisha hupenda kukionyesha kwa yai bichi: hukata ganda, lakini ule utando laini ulio chini yake haupasuki. Kwa jicho hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mfupa unaokatwa uko ubavuni mwa neva ya kuonea na utando unaofunika ubongo.

Kwa nini mahali hapa pana ugumu kiasi hicho? Tundu la jicho la mtu mzima lina ujazo wa takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani. Ndani ya nafasi hiyo mna jicho lenyewe, misuli inayoligeuza, neva ya kuonea, mishipa ya damu, tezi ya machozi na mafuta ya kulilalia. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya karanga, ambao tumboni usingeujua kwa miaka, hapa unasukuma jicho nje.

Turudi kwenye ile video. Haikudanganya, lakini haikuonyesha yote. Kabla ya ncha hiyo kufika kwenye uvimbe, daktari amekwisha kupasua ngozi, mara nyingi amefungua na mfupa, na mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi. Kisu kipo. Na zaidi ya kisu, kuna jambo ambalo video haikuligusa kabisa: yule mgonjwa alikuwa na uvimbe wa aina gani?

Si kila uvimbe unavunjwa

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wako, msomaji. Kifaa cha kuvunja kinafaa pale ambapo uvimbe unaweza kutolewa vipande vipande bila kumletea mgonjwa hatari. Kuna vivimbe ambavyo kuvivunja ni kosa.

Mfano ni uvimbe mmoja wa tezi ya machozi, ile iliyo pembeni juu ya jicho. Si saratani, lakini umefungwa ndani ya ganda. Ukitolewa mzima pamoja na ganda lake, mgonjwa hupona. Ganda likipasuliwa, mbegu zake humwagika, uvimbe hurudi miaka baadaye, na wakati mwingine hurudi ukiwa saratani. Hapo mpasuaji huhitaji utulivu na mkato mpana kuliko mashine yoyote.

Saratani ya ndani ya jicho la mtoto haifunguliwi kabisa. Kulitoboa jicho lenye saratani hiyo ni kuifungulia mlango iende mwilini.

Tena kuna macho yanayotokeza nje bila uvimbe wowote wa kukata. Kwa watu wazima, ugonjwa wa tezi ya shingo ni miongoni mwa sababu kuu: misuli na mafuta ya nyuma ya jicho huvimba, macho yakakodoka, mara nyingi yote mawili. Kipimo cha damu ndicho hutoa jibu, na tiba huanza na dawa. Kwa watoto, usaha unaotoka kwenye mashimo ya pua unaweza kuingia nyuma ya jicho: mtoto ana homa, kope limevimba na ni jekundu, jicho linauma. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kosa langu

Nimeandika safu hii muda mrefu, lakini kisa hiki sijawahi kukieleza. Miaka zaidi ya 15 iliyopita nilikuwa daktari mgeni kazini katika kituo kimoja cha mkoa huu. Mama kutoka upande wa Butiama alimleta mtoto wa kiume wa miaka miwili. Akasema: "Daktari, usiku taa ikimpiga, jicho lake linang'aa kama la paka." Nilikuwa na foleni ndefu nje. Niliangalia kwa haraka mchana mkweupe, sikuona kitu, nikaandika mzio, nikampa mafuta ya macho ya tetrasaiklini.

Alirudi baada ya miezi saba. Jicho lilikuwa limetoka nje ya kope zake. Tulimpa rufaa, lakini saratani ilikuwa imekwisha kwenda kwenye ubongo. Yule mama hakunilaumu. Alinishukuru kwa rufaa, na shukrani ile imenikaa kuliko lawama yoyote.

Ugonjwa ule unaitwa retinoblastoma, saratani ya pazia la nyuma la jicho. Humpata mtoto mmoja kati ya takriban 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa, karibu wote kabla ya kutimiza miaka mitano. Dalili yake ya kwanza ni hiyo aliyoniambia mama: mboni inayong'aa nyeupe gizani au kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, wakati jicho la pili linaonekana jekundu au jeusi. Dalili ya pili ni makengeza. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona. Kwetu wengi huchelewa, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Sio kila mboni nyeupe ni saratani. Wengine wana mtoto wa jicho, ambao nao hutibika. Lakini kila mboni nyeupe ni ya kupimwa ndani ya siku chache. Utrasaundi ya jicho, ile sauti ya kuona, inaweza kuonyesha chembe za chokaa ndani ya uvimbe na kutuelekeza kwenye jibu mapema.

Wazazi huogopa wakiambiwa jicho litolewe. Naielewa hofu hiyo, mimi pia ni mzazi. Lakini jicho lililojaa saratani halioni tena, na likitolewa mapema saratani ikiwa bado ndani yake, mtoto anabaki hai. Atawekewa jicho la bandia, atakwenda shule, atacheza. Ndugu zake wapimwe pia, kwa sababu aina moja ya ugonjwa huu hurithiwa.

Uvimbe ulioitangaza kanda yetu

Kuna uvimbe mwingine wa watoto ambao historia yake inatuhusu watu wa Mara moja kwa moja. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Uvimbe huo hukua upesi mno; baada ya siku chache tu unaona tofauti. Meno hulegea, shavu huvimba, na mara nyingi hupanda hadi kwenye tundu la jicho na kulisukuma nje. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitali hadi hospitali nani amewahi kuuona. Walikuta uko kwa wingi kwenye maeneo ya joto na mvua, yaleyale yenye malaria. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein na Barr kilionekana ndani ya uvimbe huo.

Hapa kwetu, katika iliyokuwa Wilaya ya North Mara, ambayo leo ni Tarime na Rorya, watafiti waligawa klorokwini kwa watoto kati ya mwaka 1977 na 1982 ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza uvimbe huu. Wagonjwa walipungua, kisha wakaongezeka tena mradi ulipokwisha. Hata hivyo kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kugawiwa, hivyo watafiti hawakuweza kusema klorokwini peke yake ndiyo iliyofanya kazi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1989, na hadi leo wanafunzi wa udaktari duniani wanasoma kuhusu watoto wa mkoa huu.

Kwa nini nakueleza haya kwenye makala ya vifaa vya upasuaji? Kwa sababu uvimbe wa Burkitt, pamoja na kutisha kwake, hautibiwi kwa kisu wala kwa mawimbi ya sauti. Daktari hukata kinyama kidogo cha kupima, kisha dawa za saratani za mshipani hufanya kazi yote. Nimeona jicho lililotokeza likirudi mahali pake ndani ya wiki moja au mbili za dawa. Familia ambayo ingeuza shamba kutafuta mpasuaji ingekuwa imeuza shamba kwa ajili ya tiba isiyohitajika.

Kwa ndugu zangu wa ziwani

Kwa watu wazima, uvimbe wa jicho ninaokutana nao sana mwambao wa Musoma, Kibara na Nyatwali hauko nyuma ya jicho bali mbele, juu ya weupe. Huanza kama kidoa chenye rangi ya pinki au kijivu pembeni ya mboni. Mgonjwa hudhani ni kile kinyama cha kawaida cha jua na vumbi. Lakini hiki hupanda juu, mishipa ya damu hukikimbilia, na wakati mwingine huwa na ukoko mweupe au madoa meusi. Hiyo inaweza kuwa saratani ya ngozi laini ya jicho, na Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yanayoongoza kwa ugonjwa huu.

Vichochezi vikubwa ni jua kali na upungufu wa kinga unaotokana na VVU. Mvuvi hupigwa na jua mara mbili: linalotoka juu na linaloakisiwa na maji. Kofia pana na miwani ya jua si mapambo. Na ukiambiwa una uvimbe wa aina hii, kubali kupima VVU, maana wapo wanaogundua hali yao kupitia jicho na kuanza dawa mapema.

Tiba yake imepigwa hatua hapa hapa kwetu. Daktari Stephen Gichuhi na wenzake wa Kenya walichapisha mwaka 2016 utafiti wa matone ya dawa ya fluorourasili yaliyotumika baada ya uvimbe kukatwa, mara nne kwa siku kwa wiki nne. Baada ya mwaka mmoja, kwa waliotumia matone hayo uvimbe ulirudi kwa takriban wagonjwa 11 kati ya 100. Kwa waliopewa matone yasiyo na dawa ulirudi kwa 36 kati ya 100. Matone tu, bila mashine ya mamilioni.

Ndugu zetu wenye ualbino wako kwenye hatari zaidi, hasa ya saratani ya kope na ngozi inayozunguka jicho. Kidonda cha kope kisichopona kwa mwezi mmoja kionwe na daktari, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama.

Uchawi, chuki na Mwalimu

Wengi hupoteza miezi yenye thamani wakitafuta aliyewaroga. Hupakwa dawa za majani, hukandwa, huchanjwa chale juu ya kope. Sitamkejeli mtu kwa hilo. Ukiogopa unashika chochote. Nitasema tu kwamba saratani haimtafuti adui wa mtu. Mtoto mkuu wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Hakuna aliyemroga. Alikuwa binadamu, akaugua ugonjwa wa binadamu.

Jibu langu kwa kijana wa Bunda

Nilimwandikia hivi: "Marahaba mwanangu. Msiuze ng'ombe leo. Uzeni mbuzi mmoja, mpate nauli ya kumfikisha mama hospitali ya mkoa."

Maelezo yake yalinifanya nifikirie uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo na kuunenepesha mfupa wa ubavu wa jicho. Unaitwa meninjioma. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa makamo, mara nyingi si saratani, na hukua taratibu kwa miaka. Nilimwomba pia amuulize mama kama amewahi kutumia sindano ya uzazi wa mpango kwa muda mrefu. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanawake walioitumia sindano hiyo zaidi ya mwaka mmoja walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufanyiwa upasuaji wa meninjioma. Dada yangu unayesoma, usitupe kadi yako ya kliniki kwa hofu. Uvimbe huu ni nadra, na mimba usiyoitarajia ina hatari zake. Ila ukiwa na jicho linalotokeza au kuona kunapungua, mwambie daktari unatumia nini.

Mama alianzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mara, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, ambayo wakazi waliisubiri kwa miongo mingi. Kipimo cha tezi ya shingo kilikuwa sawa. Akapewa rufaa ya Bugando, Mwanza, akapigwa picha ya CT. Mfupa umenenepa, na uvimbe umetoka kwenye utando wa ubongo. Ameonwa na daktari wa macho na wa upasuaji wa ubongo kwa pamoja.

Wamemweleza ukweli. Upasuaji unahitajika kwa sababu neva ya kuonea inabanwa. Lengo ni kuifungulia neva nafasi na kulirudisha jicho ndani kadiri inavyowezekana. Kipande kilichoshikamana na neva kinaweza kuachwa na kufuatiliwa kwa picha, kwa sababu kukikwangua chote kungempofusha. Uoni uliokwisha kupotea huenda usirudi wote.

Huu ndio uvimbe ambao kifaa cha mawimbi ya sauti, cha kufyonza na cha kukata mfupa, kingeweza kumsaidia mpasuaji. Kwa hiyo yule ndugu wa Dar es Salaam hakukosea kabisa. Alitangulia tu. Familia imeuza ng'ombe wawili badala ya sita, na kiwanja bado kipo. Upasuaji umepangwa mwezi ujao, na mama ameniambia kwa simu kwamba anaogopa. Nilimwambia ana haki ya kuogopa.

Ukiona dalili, fanya hivi

Kwanza, andika tarehe. Jicho limeanza lini kutokeza? Limekua kwa siku, kwa miezi au kwa miaka? Tafuta picha zako za zamani uzipeleke kwa daktari. Kasi ya ukuaji ni nusu ya jibu.

Pili, nenda kwanza kituo kilicho karibu upate rufaa, kisha hospitali ya wilaya au ya mkoa. Usianzie duka la dawa. Matone yenye steroidi hupunguza wekundu na kukupa faraja ya uongo huku ugonjwa ukiendelea.

Tatu, ukipangiwa upasuaji uliza maswali haya bila aibu: Uvimbe huu ni wa aina gani, na mmejuaje? Utatolewa mzima au vipande? Mtatumia kifaa gani na kwa nini? Kipande kitapelekwa maabara, na majibu nitayapata lini? Nisipofanyiwa sasa itakuwaje? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Na hakikisha majibu ya maabara yanakufikia. Uvimbe uliotolewa bila kupimwa ni kesi iliyofungwa bila hukumu.

Nne, fedha. Kagua bima yako inagharamia nini kabla ya siku ya upasuaji. Sera yetu inawapa watoto wa chini ya miaka mitano huduma bila malipo katika vituo vya umma. Wasio na uwezo waombe kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kwa watoto wenye saratani, lipo shirika la Tumaini la Maisha linalosaidia matibabu yao Muhimbili na katika hospitali washirika. Uliza kabla ya kuuza.

Tano, usisubiri kukamilisha fedha zote ndipo uanze safari. Hatua ya kwanza ni kujua ugonjwa, nayo ni nafuu kuliko zote.

Leo usiku, kabla hujalala, nakuomba jambo moja. Kama una mtoto mdogo nyumbani, mpige picha kwa simu yenye flashi, akikutazama, taa zikiwa zimezimwa. Angalia mboni zote mbili. Ukiona moja ina weupe, rudia mara ya pili na ya tatu, kisha kesho asubuhi mpeleke hospitali na simu hiyo mkononi. Daktari akikuambia hakuna kitu bila kuangalia, mwonyeshe picha, na umwombe aangalie tena. Yule mama wa Butiama hakuwa na picha ya kunionyesha. Alikuwa na neno lake tu, na lilikuwa la kweli.

Tukutane wiki ijayo.